Malori Mawili na Usipa Usiokauka

Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka kijiji cha Mapera kuzamisha malori ya jeshi kwenye matope bila lori hata moja kutoka karakana. Niliyazamisha maelfu ya mara, nimekaa kitini, chai ikiwa pembeni. Nilisomea kazi hiyo, nikaifanya hadi kustaafu, na siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani ambayo ilisimama kabla sijafika nayo Mbinga.

Ninyi vijana wa kitengo mmenitaka niwaandikie nilivyofanya kazi. Mmefanya jambo la busara, kwa sababu wa kuwaeleza vizuri kuliko mimi simwoni. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikunifuata kwa kasi niliyostahili, na mshahara ni habari fupi mno kujaza hata ukurasa mmoja. Siri nazo nimeziacha zilikolala. Watu hapa mjini hudhani mtumishi raia aliyepanga rasilimali za jeshi anajua habari za mizinga. Siri zangu kubwa zilihusu matairi.

Nimejitengeneza mwenyewe. Ukiondoa ada, ambayo ilitoka kwenye kahawa ya mama, na nauli, iliyotoka hukohuko, hakuna aliyenisaidia. Mama alilima ngolo kwenye mteremko mkali, yale mashimo yetu Wamatengo yanayozuia mvua isikimbie na udongo. Kila mwaka nilimwona akipangia maji mahali pa kulala kabla mvua haijanyesha. Chuoni wahadhiri walitumia muda mrefu kunieleza jambo hilohilo kwa hisabati, nami niliwavumilia. Nikatoka na stashahada ya takwimu na kompyuta. Wenzangu wengine waliingia kazini na shahada. Waulizeni ni nani aliyekuwa akiwasahihishia hesabu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Mkuu wa kitengo alikuwa Mama Kapinga, raia kama mimi, mwanamke wa upande wa Songea mwenye miwani mizito na sauti isiyopanda hata akikasirika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Nina stashahada, Mama."

"Iweke kwenye droo isipate vumbi. Halafu kaa hapa tucheze."

Akamwaga punje za mahindi na maharage juu ya meza, akachora barabara kwa chaki. Mahindi yalikuwa malori, maharage yalikuwa askari wenye njaa, na dadu ilikuwa mvua. Ukirusha dadu ikaja moja, daraja limekwenda na maji. Ikija mbili, lori limekatika springi. Nikapanga malori yangu kwa umaridadi, yote yakiwa njiani, hakuna lililolala. Nikarusha dadu. Nikarusha tena. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeua kikosi kizima kwa njaa.

"Hongera," akasema Mama Kapinga, akirudisha maharage kwenye kopo. "Lakini stashahada yako iko salama."

Hiyo ndiyo kazi yetu yote, vijana, na msidanganywe na skrini kubwa mnazonunuliwa sasa. Unatengeneza barabara ya uongo, malori ya uongo na mvua ya uongo, unayaendesha mara nyingi kupita uvumilivu wa binadamu, kisha unatazama ni mara ngapi askari wanalala na njaa. Kompyuta inarusha dadu haraka kuliko mkono, basi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na feni yenye kelele za mashine ya kusaga, na wakati wa joto tuliifunika kitambaa chenye maji kwa nje, jambo ambalo mafundi walitukataza na ambalo lilifanya kazi vizuri.

Mama Kapinga alinifundisha mengi, lakini mawili nimeyashika. La kwanza, usimwulize mtu wa ofisini safari inachukua muda gani, kwa sababu ofisini kila safari ni fupi. La pili alilisema kila tulipomaliza modeli mpya na mimi nikaanza kujisifu: "Modeli haidanganyi na haisemi kweli. Inatii. Sasa wewe umeiambia nini?"

Alipostaafu, mimi nilihamishiwa kikosi kimoja cha kusini, nikawa tena karibu na nyumbani. Makao ya kikosi yalikuwa huku juu milimani, na kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tulikuwa na kituo kidogo cha askari. Leo lami inakwenda kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na watu wanashuka wakisinzia. Wakati ule ilikuwa barabara ya udongo, kona juu ya kona, na masika ikifika mlima ulikuwa na tabia ya kuhamia barabarani. Kituo kilikuwa na malori mawili. Yalishusha chakula na mafuta kutoka juu. Barabara ikifungwa, lori lililokutwa chini ndilo lililokuwa tegemeo. Lilifuata kinjia cha ufukweni kwenda kuchukua chakula kinakoshushwa na boti, na lilibeba wagonjwa kwenda hospitali ya misheni, wawe askari au wanakijiji. Hakukuwa na gari jingine kule la kuaminika.

Ndipo akaja Kanali mpya. Alikuwa mtu wa pwani, nadhifu, mwenye kupenda chati. Alisikiliza taarifa za redio ya upepo kwa muda, akaniita.

"Mtaalamu, haya malori ya ziwani yanashuka vizuri. Mbona hayapandi?"

"Yanapanda, Afande."

"Yanapanda yakitaka. Wiki hii springi, wiki ile difu, mara klachi. Barabara ile inakula magari. Nataka niyaondoe yote mawili, kituo kihudumiwe kwa gari la kukodi. Nitengenezee modeli inayoonyesha hivyo."

Mnasikia? Hakusema inayoonyesha kama ni hivyo. Nawaambieni hili mlizoee, kwa sababu mtaambiwa maisha yenu yote.

Nikatengeneza modeli, na nasema bila unyenyekevu kwamba ilikuwa nzuri kuliko yoyote iliyowahi kukaa kwenye kompyuta za kusini. Ilikuwa na mteremko, mzigo, matope, umri wa matairi. Safari za kushuka zililingana na taarifa za redio kama kidole na pete. Za kupanda zilikataa kabisa. Kuna wiki malori yalipanda kama yalivyopaswa, na kuna wiki yote yaliharibika, kisha yakapona, kisha yakaharibika tena. Hayakufuata mvua. Hayakufuata mzigo. Nikampigia simu Mama Kapinga kwake Songea.

"Umeshawahi kupanda hilo lori?" akauliza.

"Mimi ni mpangaji, Mama, si utingo."

"Basi kesho uwe utingo."

Nikashuka na Koplo Ndimbo, dereva wa lori la kwanza, mzaliwa wa Mkumbi, mtu mwenye mdomo usio na breki kuliko gari lake. Njia nzima alinitania.

"Mtaalamu, hiyo kompyuta yako inajua kupiga honi kwenye kona?"

"Haihitaji. Inajua hakuna anayekuja."

"Basi siku moja itagongana na basi la Mbamba Bay na wewe ndani."

Tulipofika, tulishusha mzigo wa kituo, kisha Ndimbo akashusha mzigo mwingine ambao haukuwa kwenye hesabu zangu: maharage ya huyu, mahindi ya yule, mkungu wa ndizi wa padri. Akaupeleka kwa akina mama wa kijiji kilicho jirani na kituo. Asubuhi nikamkuta amekaa kivulini mwa lori, boneti imefunguliwa, hajashika hata spana.

"Limeharibika nini?"

"Springi."

"Springi iko mbele au nyuma?"

Akanyoosha kidole kuelekea ufukweni. Kwenye vichanja, usipa ulikuwa umeanikwa, vile visamaki vyembamba vya ziwani, unameta kwenye jua kama bati jipya.

"Haujakauka," akasema.

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza usipa akaita, "Baba Ndimbo, mwambie mgeni wako mawingu ndiyo yamechelewesha! Kesho mchana mtaondoka."

Jamani, hapo nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa wasio wa huku nieleze. Mtu wa milimani hashuki ziwani akapanda mikono mitupu. Haiwezekani. Ukirudi Mkumbi au Namswea, hakuna anayekuuliza habari za safari, wanatazama kapu. Shangazi zako, jirani, katekista, wote wana sehemu yao, na ulishuka na maharage yao. Ukirudi mtupu, umetukana kwenu na umetukana ziwani. Na usipa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivutii kitu na vichanja vinabaki vitupu. Kwa hiyo malori ya jeshi yalikuwa yakiharibika wakati wa giza na kupona mwezi ukiwa mpevu. Modeli yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mwezi. Mhandisi wa kutoka mbali angetafuta kasoro kwenye difu mpaka astaafu. Ilimhitaji mtu wa Mapera mwenye stashahada, na kwa bahati ya taifa nilikuwepo.

"Sasa utasemaje huko juu?" Ndimbo akaniuliza tulipokuwa tunapanda, lori likinuka kama jiko la bibi. Safari hii hakutania. "Ukisema usipa, mimi naingia mahabusu. Ukisema springi, malori yanaondoka. Hapo kijijini kuna wajawazito, Mtaalamu. Wanajua sauti ya hili lori."

Tulipofika juu nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikaingiza mwezi kwenye modeli. Safari za kupanda zikalingana na redio papo hapo.

Siku ya kikao maofisa walijaa. Nikaonyesha malori yakipanda na kushuka kwenye skrini, na kwenye kona nimeweka mwezi mdogo unaonenepa na kukonda. Kanali akautazama sana.

"Mtaalamu, unaniambia mwezi unavunja springi?"

"Mwezi hauvunji springi, Afande. Magari ni mazima. Mwezi unaleta usipa, na madereva wote wanasubiri ukauke."

"Madereva gani?"

"Wote, Afande. Ni desturi ya huku, kama salamu. Na usipa unaopanda na malori haya haupotei njiani." Nikatazama upande wa meja aliyesimamia mesi ya maofisa. Meja akatazama dirisha.

Kanali alikuwa mtu wa chati lakini hakuwa mjinga. Usipa wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili, ulikuwa mezani kwake siku iliyopita, na alikuwa ameuomba mara ya pili. Hakumweka mtu mahabusu. Akaamua papo hapo: malori yabaki, usipa marufuku.

Nilitoka kikaoni nikiwa mshindi. Ndimbo akanipa mkono, ingawa alisema, "Umeokoa malori, umeua mboga." Kwa wiki kadhaa malori yakapanda kwa wakati, yakashuka kwa wakati, kama kwenye kitabu cha mafunzo. Mesi ikarudi kwenye maharage. Kisha Kanali akaniita tena, anatabasamu.

"Mtaalamu, umefanya kazi nzuri sana. Sasa malori hayachelewi hata kidogo."

"Asante, Afande."

"Kwa hiyo moja linatosha. Mwisho wa mwezi la pili liende kikosi kingine."

Kumbukeni hilo. Malori yalipochelewa, yalitakiwa kuondoka kwa kuwa ni mabovu. Yalipowahi, moja lilitakiwa kuondoka kwa kuwa yamezidi. Sijawahi kuona modeli inayoweza kushindana na akili ya namna hiyo.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaendesha masika, mara na mara. Nikaweka lori moja: kila barabara ilipofungwa lori likiwa juu, kituo kilibaki bila gari, na mara nyingi lilikuwa juu. Hilo nililitarajia. Lakini nilipoweka malori mawili yanayokwenda kwa wakati, kama Kanali alivyoamuru, matokeo yakanishangaza hata mimi. Yalipopanda pamoja yalikuwa juu pamoja. Mlima ukianguka, chini hakuna kitu. Nikarudisha usipa. Malori yakaachana wakati wa giza, na hata mbalamwezi ilipofika yakaendelea kupishana: lori moja likawa karibu kila mara liko chini, na masika nzima kituo hakikukosa gari. Uzembe ule wote, boneti zile zilizofunguliwa bure, ndizo zilizokuwa akiba ya jeshi upande wa ziwa. Hakuna aliyeipanga. Hata mimi nisingeipanga vizuri vile, na mnajua huwa sisemi maneno hayo.

Nikampelekea Kanali. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kituo changu kilikuwa kikilindwa na dagaa?"

"Usipa, Afande."

"Nenda."

Mvua zikaanza kabla ya mwisho wa mwezi. Asubuhi moja redio ikasema mlima umeshuka barabarani, na kwamba pale kituoni kuna askari kijana anajikunja kwa maumivu ya tumbo tangu alfajiri, na mganga wa kituo anadhani ni kidole tumbo. Kanali akaja mwenyewe chumba cha redio. Malori yote mawili yalipaswa kuwa juu. Akachungulia nje. Lilikuwa limeegeshwa moja, safi, limefika kwa wakati, halina kazi yoyote.

"La pili liko wapi?"

Opereta akauliza. Sauti ya Ndimbo ikaja ikikwaruza: lori lake lilikuwa bado kule chini, na mgonjwa alikuwa ameshapakiwa, wanafuata kinjia cha ufukweni kwenda hospitali.

Kanali akachukua redio. "Koplo, kwa nini hukupanda jana?"

Redio ikakwaruza, mvua ikigonga bati.

"Springi, Afande."

Kanali akanigeukia taratibu. Chumba kizima kikanigeukia. Ningesema ndiyo, ni springi, na Ndimbo angesalimika, na lori lingeondoka mwisho wa mwezi pamoja na ubovu wake. Ningesema ni usipa, na koplo aliyevunja amri wazi angekuwa mikononi mwa Kanali.

"Mtaalamu. Mwezi ukoje?"

"Ni giza, Afande," nikasema.

Akanitazama, akatazama lori zuri lililokuwa likiloana nje bila faida. Akabonyeza redio.

"Koplo, mfikishe huyo kijana. Ukifika unijulishe. Hiyo springi tutaizungumza."

Kijana alipasuliwa jioni ileile, akapona. Baadaye alioa kulekule ziwani, jambo ambalo madaktari hawakulieleza. Barabara ilipofunguliwa Ndimbo akapanda, akaitwa ofisini, nami nikaitwa kama shahidi. Kanali alimgombeza mpaka vioo vikatetemeka. Kisha akaandika amri mpya, akanipa niisome nione kama hesabu zake ni sahihi. Amri ilisema kituo kitabaki na malori mawili, na kwamba wakati wote lori moja litabaki ufukweni hadi jingine lifike, kwa ajili ya matengenezo.

"Matengenezo ya nini, Afande?" nikauliza, maana napenda usahihi.

"Ya springi," akasema. "Na Meja wa mesi awe anapewa taarifa zikishatengenezwa."

Kuanzia siku hiyo sikusikia tena neno la kupunguza malori ya ziwani. Makanali walikuja na kuondoka, kila mmoja na chati zake. Wote walikuta ile amri, wote walipelekewa sahani, na hakuna aliyeigusa.

Juzi mmoja wenu, kijana mwenye shahada mbili na adabu nzuri, alinipigia simu. Baada ya shikamoo akasema, "Mzee, kwenye modeli yako ya ziwani kuna kipengele kinaitwa muda wa kukausha. Kinafuata mwezi, na hatuoni kina kazi gani. Tukikifuta, lori moja linabaki la ziada. Tunataka tukifute."

Nikamwambia asikifute.

"Lakini Mzee, siku hizi barabara ni lami tupu!"

Nikamuuliza kama lami inakausha usipa.